Jina Lililopakwa Wino

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Bunlai hakuficha maradhi ya bintiye hata siku moja. Pale sokoni Roi Et, figo za Jum zilijulikana kuliko bei ya samaki. Alichoficha yeye ni jina.

Jum ni jina la nyumbani, halina ubaya. Balaa lilikuwa kwenye lile la vyeti. Jum alipolazwa akiwa mwaka wa pili chuoni, mtawa wa hekalu la jirani alipiga hesabu zake, akasema herufi za jina hilo zinagombana na siku aliyozaliwa. Alipotoka tu hospitali, mama alimburuta mpaka ofisi ya wilaya, na akatoka huko akiitwa Phatsorn. Figo zikatulia. Sasa nani angethubutu kumwambia mama kwamba ni vidonge? Tangu hapo jina la zamani likapigwa marufuku nyumbani, maana kwa imani ya mama ugonjwa bado ulikuwa unazunguka ukilitafuta.

Kisha barua ikaja. Mfuko wa mikopo ulisema mwanafunzi ameacha masomo, kwa hiyo aanze kulipa mwezi ujao. Jum hakuwa ameacha. Alipumzika mwaka mmoja kwa idhini ya chuo, na muhula unaofuata angerudi. Lakini asipothibitisha kufikia Ijumaa, ingembidi atafute kazi ya kulipia deni, na chuo abaki kukiona kwenye picha. 

Ijumaa saa tisa alasiri, nusu saa kabla ofisi haijafungwa, walikaa mbele ya Bi Orathai, karani wa mfuko wa mikopo, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Bahasha aliibeba mama. Hakumruhusu Jum hata kuigusa.

Bi Orathai akaifungua. Barua ya hospitali ilianza, "Tunathibitisha kuwa Bi," halafu doa jeusi. Barua ya chuo, doa. Cheti cha kubadili jina, ambacho kazi yake ni kueleza nani alikuwa nani, doa, tena limepakwa mara mbili.

"Mama!" Jum akamaka.

"Nini? Si nimewaachia tarehe na mihuri yote? Kwani mimi mjinga?"

"Mama yangu," Bi Orathai akasema taratibu, "hapa nina mgonjwa asiye na jina, na binti mwenye jina ambaye haumwi."

"Si ndivyo nilivyotaka!"

Watu wa foleni wakaanza kucheka. Jum alitazama saa ya ukutani. Alitaka kulia, na alitaka kumkaba mama yake, hakujua aanze na lipi.

"Nipe kitambulisho," Bi Orathai akasema. "Namba haibadiliki hata mtu ajiite nani." Akabonyeza, akasoma kwenye kompyuta: "Mkopaji, Rattikan Saensuk. Ndiye wewe?"

Jum hakuwa amelisikia jina hilo mwaka mzima. Akafungua mdomo aitikie, mkono wa mama ukamziba.

"Ni mimi!" mama akaropoka.

Bi Orathai alitazama kompyuta, akamtazama mama. "Una miaka ishirini na moja?"

"Jua la kwetu kali, mdogo wangu."

Foleni ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Ule mkono juu ya mdomo wa Jum ulizidi kubana, na hasira zote za Jum zikamwisha palepale.

Bi Orathai akavua miwani. "Mimi nilizaliwa nikiitwa Malai," akasema. "Nikapata homa ya uti wa mgongo, mama akanibadilisha jina. Hakulitaja tena mpaka anakufa." Akatoa fomu. "Mdhamini wa mkopo ni nani?"

"Mimi."

"Basi mdhamini anaweza kumthibitisha mkopaji. Ila uliandike lile jina la zamani, kamili, kwa mkono wako. Doa sipokei."

"Mama, niache niandike mimi."

"Wewe tulia."

Mama aliliandika herufi moja moja, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Chini yake akaweka sahihi na namba ya nyumba. Mhuri ukagongwa: marejesho yameahirishwa mwaka mmoja.

Nje Jum alikuwa anacheka kwa furaha. "Mama, umeitikia jina lile mbele ya umati! Tena umeandika na tunakoishi!"

"Najua."

"Sasa ule ugonjwa ukija?"

"Utamtafuta aliyeitika," mama akasema, akifungua mwavuli na kumfunika bintiye. "Mimi nina presha, nina sukari. Uje tu, yabanane humuhumu."

Jum akashindwa kucheka.