Mtaalamu kwa Mlinda Goli

Tangazo letu la kazi lilisomwa redioni mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwa sababu mwenyekiti alisema hiyo ndiyo saa ambayo Lesotho nzima hunyamaza ikasikiliza. Hapo hakukosea. Alichokosea ni kwamba hakuandika tangazo jipya. Alichukua lile tunalotumia kila mwaka kuita wasichana kwenye majaribio ya timu ya taifa, akafuta "wachezaji", akaweka "afisa wa kompyuta", mengine akayaacha vilevile. Basi Alhamisi asubuhi, kwenye baridi ile ya Juni inayogandisha maji bombani, waombaji wa kazi wakajipanga nje ya ofisi yetu hapa Maseru wamevaa raba na suti za michezo, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mmoja alikuwa akirukaruka kupasha misuli moto.

Nilipowaona nilitamani kurudi nyumbani nikajifunike.

Mimi ni 'Malineo, katibu wa Umoja wa Taifa wa Mpira wa Pete. Kazi yangu ni kuchapa barua, kuchemsha chai, na kumeza mate pale ninapotaka kusema. Mwenyekiti wetu ni Ntate Sekhobe; kwetu mwanamume mzima huitwa ntate, mwanamke 'me, na dada ausi. Alikuwa refa ujana wake wote, na refa hastaafu. Kikaoni huvaa filimbi juu ya tai, na ukizidisha maneno anakupulizia. Msidhani natia chumvi.

Shida yenyewe ilianza hivi. Timu yetu ilikuwa imefuzu mashindano ya Afrika, na majina ya wachezaji yalitakiwa kuingizwa kwenye mtandao wa waandaaji kabla ya Ijumaa jioni. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya Katleho, kijana wetu wa kompyuta, lakini Katleho alipata kazi Afrika Kusini, akavuka mpaka na neno la siri kichwani, na namba yake haipatikani tena. Ntate Sekhobe akasema si tatizo, atalikisia. Akaketi akajaribu majina ya watoto wake, kisha la mkewe, kisha ya ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine, mpaka mtandao ukachoka naye, ukatufungia nje kabisa. Tulipowaandikia waandaaji, walijibu kwa mkato. Watatufungulia tukiwapa jina la afisa mpya wa kompyuta, mwenye cheti na barua ya kuajiriwa. Katibu hapana, mwenyekiti ndiyo kabisa hapana.

Na katika majina hayo lilikuwamo la mdogo wangu, Nthabeleng, mlinda goli.

Nthabeleng hushona zipu kwenye kiwanda cha jinzi. Miaka yote amekuwa mchezaji wa akiba. Safari moja timu iliondoka wakati pasipoti yake bado imekwama ofisini kwa watu. Safari nyingine alitoka kambini mwenyewe akaja kumuuguza mama yetu, maana mimi nilikuwa ziarani na hawa hawa wakubwa wangu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kocha alimtaja wa kwanza. Alinunua begi jipya lenye magurudumu na akawa analivuta ndani ya nyumba yake ya chumba kimoja, kutoka kitandani hadi jikoni, akicheka peke yake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nilikuwa na haraka, jibu ndilo hilo.

Jopo la usaili tulikuwa watatu: mwenyekiti, mimi, na makamu wake 'Me 'Mapuleng, mama anayeijua katiba ya Umoja kuliko anavyojua majina ya wajukuu zake. Yeye ndiye aliyefungua kwa sala. Akaombea wilaya zote, akaombea mvua, akaombea magoti ya wachezaji, na alipofika kwenye kompyuta chai ilikuwa imepoa.

Akaingia wa kwanza, kijana aitwaye Moeketsi, yule wa kurukaruka.

"Ulicheza namba gani?" Ntate Sekhobe akamwuliza.

"Winga, Ntate. Mpira wa miguu."

"Kulia au kushoto?"

"Popote, Ntate. Mimi ukinipanga nacheza."

"Huo ndio moyo!" Mwenyekiti akanigeukia. "Andika hapo, 'Me 'Malineo. Ana moyo."

"Na kompyuta je?" nikauliza.

"Kompyuta pia, 'Me," akasema Moeketsi. "Popote mtakaponipanga."

Nikamwuliza mtandao ukitufungia nje tufanye nini. Akafikiri, akanywa maji yake, akasema tuuzime tuuwashe. 'Me 'Mapuleng akamwuliza kwao ni wilaya gani, akasema Mohale's Hoek, na 'Me akatikisa kichwa kwa masikitiko kwamba wilaya hiyo tayari ina watu wawili ofisini. Ndivyo ilivyoendelea asubuhi nzima. Mmoja aliulizwa kama ana jeraha lolote la zamani. Mwingine alipimwa urefu kwa macho, nikamsikia 'Me 'Mapuleng akinong'ona, "Huyu angefaa kati." Nilikuwa nimechoka mpaka basi.

Ndipo akaingia Limpho Mokhachane. Alivaa koti zito na viatu vya kawaida.

"Binti, hukusikia tangazo?" mwenyekiti akamwuliza.

"Nilisikia, Ntate. Nikadhani redio imekosea."

Niliuma mdomo nisicheke. Nikamweleza shida yetu, naye akatueleza polepole atakavyowaandikia waandaaji, kitakachothibitishwa, na jinsi neno la siri litakavyotunzwa ili akiondoka mtu tusibaki tena nje ya mlango wetu wenyewe. Vyeti anavyo. Kazi ameifanya. Nikaanza kuandika jina lake kwenye barua kabla hajamaliza kusema.

"Sasa hivi unafanya kazi wapi, mwanangu?" 'Me 'Mapuleng akauliza.

"Kwa watu wa mpira wa wavu, 'Me. Hapo ng'ambo ya korido. Mkataba wangu unaruhusu niondoke wakati wowote."

'Me 'Mapuleng akaweka kalamu chini. Nilijua tumekwisha.

Zamani watu wa Wavu walitunyang'anya wasichana wawili warefu katikati ya msimu. Tulishtakiana hadi kwenye baraza la michezo, tukatukanana redioni, na mwisho ikatungwa sheria kwamba mtu aliyesajiliwa upande mmoja havuki kwenda mwingine ila dirisha la usajili likiwa wazi, au upande wake umwachie kwa barua. Aliyeipigania sheria hiyo ni 'Me 'Mapuleng mwenyewe.

"Dirisha limefungwa," akasema, Limpho alipotoka. "Tukimchukua huyu bila barua yao, kesho wakimchukua mfungaji wetu tutakwenda kulia wapi?"

"'Me, huyu ni mtaalamu wa kompyuta! Hachezi! Atakaa kwenye kiti!"

"Na mchezaji wa akiba anakaa wapi? Si kwenye kiti?"

"Mama yangu, majina yanatakiwa kesho!"

"Tunajua kwa nini unapiga kelele," akasema, taratibu kabisa. "Kila mtu hapa anajua mlinda goli ni nani yako."

Nikafungua mdomo nimpe lake. Ntate Sekhobe akapuliza filimbi.

Ijumaa asubuhi nilivuka korido kwenda kuomba barua. Katibu wa Wavu, Ntate Khauta, alikuwa amekaa karibu na hita ya mafuta ya taa akila maandazi, na aliponiona akafurahi kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nadhani alikuwa akinisubiri kweli.

"Khotso, 'Me 'Malineo! Karibu kwa masikini."

"Khotso, Ntate. Nimekuja kuomba mtuachie Limpho."

"Limpho mzuri huyo. Tutampa barua hata sasa hivi. Nanyi mnatupa nini?"

"Tuwape nini? Yeye mwenyewe anataka kuja."

"Wale wasichana wawili nao walitaka wenyewe, mkatupeleka barazani. Sheria ni yenu. Mtu kwa mtu." Akajifuta mafuta vidoleni. "Tunamtaka yule mrefu. Yule wa kiwandani. Tuna ligi wiki ijayo na hatuna wa kuzuia pale kwenye wavu. Mwachieni leo, nanyi mnaye Limpho leo."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nikarudi nikiwa na hakika kwamba angalau mara moja filimbi ile itapulizwa panapostahili. Niliwaeleza nimesimama. Ntate Sekhobe akakuna kidevu. 'Me 'Mapuleng akauliza, "Wanamtaka Nthabeleng tu?"

Tu! Alisema "tu".

"Hatuwezi," nikasema. "Huyu binti amengoja miaka yote. Tuwaandikie waandaaji watuongeze muda. Tumchukue Moeketsi, basi, tumpe hiyo barua!"

"Moeketsi hana cheti," akasema mwenyekiti, na hapo alikuwa na haki, jambo lililoniudhi zaidi. "'Me 'Malineo, timu ni watu kumi na wawili. Bila afisa hawaendi wote. Tukimtoa mmoja wanakwenda kumi na mmoja, na wa akiba anaziba pengo. Wewe ungechagua nini? Au kwa kuwa ni damu yako, wengine wote wabaki?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Angenifokea ningemjibu. Lakini kuambiwa naipendelea damu yangu, mbele ya yule mama ambaye alinitazama kama amenishika na kuku wa jirani, sikuweza kuvumilia. Nilitaka waone kwamba siko hivyo. Nikaketi, nikachapa barua ya kumwachia Nthabeleng, nikaigonga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikalia, nikaipeleka ng'ambo mimi mwenyewe.

Wala hakuna aliyesema tumwite kwanza mwenyewe. Kwetu ndivyo ilivyo siku zote: vyama huzungumza na vyama, viongozi wakikubaliana mchezaji huambiwa. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo na sijawahi kumpigia mchezaji hata mmoja.

Limpho akavuka korido na begi lake mkononi. Alituma barua yake ya kuajiriwa, akazungumza na waandaaji kwa simu kwa adabu na bila kubembeleza, na kabla ya saa ya chakula cha mchana mtandao ukatufungukia. Ntate Sekhobe akampigia makofi. "Unaona? Usajili mzuri huu!"

Wakati huo huo Nthabeleng akaingia. Nilikuwa nimemwita siku mbili nyuma aje apigwe picha ya kitambulisho cha mashindano, na kwa hasira zangu nikasahau kumzuia. Alikuja mbio kwenye mapumziko yake, vipande vya uzi wa bluu vimemganda kwenye sweta, nywele amezisuka upya kwa ajili ya picha.

"Ausi, nimechelewa? Nikae wapi? Nicheke au nisicheke?"

Ntate Sekhobe akageuka kutazama dirishani, yeye mwenye filimbi. 'Me 'Mapuleng akatafuta miwani yake, nayo iko usoni. Ikabaki mimi.

Nikamweleza. Nilisema upesi upesi, nikiwataja Wavu na sheria yao na mwenyekiti na 'Me, nikimrushia kila mtu lawama. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Limpho.

"Wewe walikuuliza?"

"Mimi niliomba kazi, ausi," akasema Limpho. Alikuwa ameondoa mikono kwenye kompyuta. "Sikujua kuna mtu anatolewa. Haki ya Mungu sikujua. Kama ni hivyo, narudi kwetu."

"Kaa."

"Hapana, ausi, siwezi..."

"Kaa, nimesema. Wenzangu wamefanya mazoezi kwenye baridi hii wengine hawana hata soksi. Kaa uandike."

Limpho akakaa. Nthabeleng akavuta kiti karibu naye, na bila kunitazama akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Kiwandani wanaturuhusu kushika simu saa ya chai. Ungenipigia, ungeniuliza, ningekubali."

 

Akaanza kumtajia Limpho majina ya wenzake, mmoja mmoja, pamoja na nafasi zao, bila kusoma popote.

"Mlinda goli?" Limpho akauliza.

"Tšepang Mohapi. Ana mikono mizuri huyo. Mwambieni asiogope kuruka."

Ntate Sekhobe akasema huo ndio uzalendo, na kwamba jina la Nthabeleng litatajwa kwenye mkutano mkuu. Nthabeleng alimaliza majina, akasimama, akajifunga blanketi lake mabegani akalibana kwa pini. Akamuaga mwenyekiti kwa heshima zote. Akamuaga 'Me 'Mapuleng kwa mikono miwili, akamtakia Limpho kazi njema, kisha akapita mbele ya meza yangu akatoka, arudi kwenye zipu zake. Mimi hakuniaga.