Funguo za Kinyozi

Dalali alimwambia kwenye simu aje na mwanamume. "Si kwa ubaya, dada. Mwenye nyumba hapendi kupotezewa muda."

Fundi rangi akameza hasira, maana nyumba ile aliitaka. Miaka kumi na sita alikuwa akipaka kuta za watu, kisha akirudi kulala kwenye chumba cha kupanga ambako hata msumari alikatazwa kupigilia. Basi akamchukua mdogo wake, kinyozi, mtu asiyejua tofauti ya tofali na mkate. Wahenga walisema akili ni nywele. Huyu kazi yake ilikuwa kuzifagia.

Mwenye nyumba, mstaafu mwenye tumbo la kuheshimiwa, alimpita mnunuzi kana kwamba ni mwamvuli wa mtu, akaenda kumkumbatia kinyozi.

"Karibu, mkuu! Nakuona tu, wewe ni mtu wa maamuzi."

Mtu wa maamuzi, ambaye asubuhi ile alikuwa amemuuliza dada yake avae shati gani, akagonga ukuta kwa kidole. "Msingi upo," akasema. Msingi ulikuwa chini ya ardhi. Dalali akaitikia kwamba kweli upo.

"Dada, wewe kaangalie jiko," mstaafu akasema bila kumtazama. "Sisi tuna maongezi ya wanaume hapa."

Dada akaenda. Jiko alilimaliza kwa kutupa jicho, kisha akaizunguka nyumba nzima peke yake, bila mtu wa kumharakisha wala wa kusimama mbele ya nyufa. Katika chumba cha nyuma pua ilimwambia mapema: ukuta mmoja ulikuwa na rangi ya wiki ile, kuta tatu zilikuwa na ya miaka. Akakwaruza kwa ukucha karibu na sakafu. Rangi ikabanduka kama utando wa maziwa, na nyuma yake plasta imelowa chepechepe. Akafungua dirisha, ambalo komeo lake lilikuwa bovu, akachungulia nje: bomba la maji ya mvua lilikuwa limechomoka. Kazi ya siku mbili. Alifurahi mpaka akajionea haya.

Aliporudi sebuleni wanaume walikuwa wameshahamia kwenye mpira.

"Ukuta wa nyuma unakunywa maji," akasema, "na mmeuficha kwa mkono mmoja wa rangi rahisi. Punguza bei, mzee. Wanunuzi wengine nao wataniita mimi kupaka, na mimi nikiulizwa huwa nasema."

Mstaafu akamgeukia kinyozi. "Mkuu, unasemaje?"

Mkuu akasema msingi upo.

Bei ikashuka. Kwa wakili alitia saini yeye, kwa jina lake, peke yake, ingawa mstaafu aliuliza mara mbili kama mkuu hataandikwa, angalau kwa heshima. Heshima ya nani, hakufafanua. Lakini dalali alipotoa funguo, mkono wake ulikwenda wenyewe kwa kinyozi, na kinyozi, bila aibu, akazitia mfukoni.

"Nipe," dada akamwambia walipofika nje.

"Nakutunzia tu, dada. Wewe uko peke yako. Halafu nimefikiria, chumba cha mbele kinafaa kwa saluni yangu. Wateja nimeshawaambia."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa nusu saa tu, akajigawia chumba.

Ilimuuma, maana huyu ndiye mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni mwake. Hakubishana naye. Alipita dukani akanunua vitasa viwili, akaingia kwa lile dirisha la komeo bovu, na kabla jua halijazama milango yote miwili ilikuwa na vitasa vipya. Komeo nalo akalitengeneza. Funguo za zamani alimwachia mwenyewe.

Mpaka leo zinaning'inia saluni, juu ya kioo, na kila anayekaa kunyolewa husimuliwa habari za nyumba ya mkuu. Juzi mstaafu alikwenda kupunguza ndevu, akazitazama kwa heshima.

"Nilijua tu," akasema. "Ile nyumba imepata mwenyewe."

Imempata kweli. Saa ileile dada alikuwa chumba cha nyuma, amesimama juu ya ndoo, anapigilia msumari wa kumi na moja, na hana hata picha moja ya kutundika.