Alama ya Chaki Chini ya Kioo

Hospitalini wananiita Bi Pilipili, wanadhani sijui. Mimi ndiye fundi wa vipimo. Karakana yangu iko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na kila mashine ya presha ya kupampu kwa mkono hupita mezani kwangu mara mbili kwa mwaka. Nakagua mipira ya kupitishia hewa kama imechanika. Nafunga mkanda wa mkononi kwenye chupa tupu, napampu hadi mia mbili, kisha natazama kwa dakika nzima. Mshale ukishuka zaidi ya nne, kuna mahali hewa inavuja. Mwisho naiunganisha na kipimo cha zebaki kilichopigiliwa ukutani, nazipandisha zote mbili pamoja, nikilinganisha namba kwa namba.

Juu ya zebaki nimebandika karatasi kwa mwandiko wangu: MSHALE KUSIMAMA KWENYE SIFURI SI USHAHIDI. Hiyo ni kwa ajili ya wauguzi. Muuguzi akiangusha mashine, mshale ukahama, haniletei. Anabandua kioo kwa ncha ya mkasi, anausukuma mshale kwa kidole hadi sifuri, anarudisha kioo, kimya. Kwa macho ni nzima, kumbe ndani imepinda. Nikiigundua huwa nafoka mpaka kina mama wa kufulia wanazima mashine zao wasikose neno.

Nyumbani nilikuwa na mashine moja. Kila asubuhi kabla ya kazi nilimpima mume wangu, mwalimu wa hesabu ambaye hata mimi namwita Mwalimu. Miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na dakika tano za kunyamaza kwanza. Kumnyamazisha mwalimu dakika tano si mchezo. Kisha nasikiliza mapigo kwa stethoskopu, nasoma namba, yeye anaandika kwenye daftari na kupigia mstari kwa rula.

Kwa miezi miwili namba zilikuwa tamu. Mwalimu alilalamika kwamba kisogo kinamgonga, hasa asubuhi. Nilimjibu kwamba mashine haina sababu ya kumdanganya, kwamba apunguze kusahihisha madaftari kitandani. Daktari aliliona lile daftari, akafurahi, akapunguza vidonge vyake vya presha kwa nusu. Wiki ya tatu baada ya hapo Mwalimu alianguka mbele ya ubao. Asubuhi ile nilikuwa nimesoma mia moja thelathini na nne kwa themanini na nne. Hospitalini walipata mia mbili na kumi.

Daktari alisema kiharusi chenyewe hupandisha presha. Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, na ile mashine nikaitia kwenye mkoba wangu, ikakaa humo wiki sita. Nilikwenda nayo kazini, nikarudi nayo nyumbani. Hata siku moja kabla ya hapo sikuwahi kuipima kwenye zebaki yangu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Jambo nililotaka kujua lilikuwa moja tu, kama ni mimi niliyemwangusha mume wangu, na sikutaka kulijua. Sikulia. Nilikuwa na ile ganzi ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila mwili mzima.

Juzi Jumanne kazi iliisha mapema. Mkono wangu uliingia wenyewe kwenye mkoba, nikaitoa mashine, nikaiunganisha. Mipira mizima, hewa haivuji, mshale kwenye sifuri sawasawa. Nikapampu. Zebaki ikasema sitini, mshale ukasema hamsini. Mia moja na ishirini, mshale tisini na nane. Mia moja na themanini, mshale mia moja hamsini na mbili. Nilirudia mara tatu kama ninavyowafundisha wengine. Namba hazikubadilika.

Nikaiweka chini ya taa. Kwenye ukingo wa chuma palikuwa na mikwaruzo midogo, ya kisu cha mezani. Chini ya kioo, ndani kabisa, kando ya mshale, palikuwa na alama nyeupe ya ncha ya kidole. Nilibandua kioo, nikaigusa. Chaki.

Kwa hiyo si mimi. Niliwaza hivyo, sitaficha, na nikakaa na wazo hilo mpaka chai yangu ikapoa. Aliiangusha, akaona mshale umehama, akaurudisha mwenyewe, na tangu hapo kila asubuhi alikaa dakika tano bila kusema kitu. Kila kifaa kina kadi yake. Niliandika tarehe, nikaandika kosa, nikafika kwenye mstari wa mwisho, ule wa *Aliyehusika*, ambao kwa kawaida naujaza kwa hasira na nakala naipeleka kwa muuguzi mkuu. Nikainua kichwa, nikaiona karatasi yangu ukutani. Kalamu nikaiweka chini.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu akimalizia kumbadilisha kaka yake shati. Alinieleza kwamba amekula vizuri, kwamba dawa ya mchana ameshampa, akaenda zake. Upande wa kulia wa Mwalimu haufanyi kazi. Neno lililombakia ni moja, "haya", analitumia kwa maji, kwa mto, kwa kila kitu. Mengine tunaelewana kwa mkono wa kushoto: akinibana mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Nilivuta kiti. Nilimwonyesha ile saa ya mashine yenye mshale, bila kioo chake, nikaushika mkono wake.

"Iliangukaje, hilo tutaliacha," nilisema. "Ilianguka?"

Akabana mara moja.

"Ukaurudisha mshale mwenyewe."

Mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mashine, si kwangu.

Nilitaka kumuuliza ni kwa nini hakuniambia, lakini swali la namna hiyo mkono hauwezi kulijibu. Ilibidi nimtafutie jibu mimi, nimpe, yeye akubali au akatae. Nilikuwa nalo tangu karakana.

"Uliogopa mdomo wangu?"

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Kisha akabana, taratibu, kwa adabu, na kusema, "Haya."

Nikangoja mbano wa pili. Nilikaa vilevile, vidole vyangu ndani ya vyake, nikiutegea ule mkono sikio kana kwamba nimevaa stethoskopu. Dakika tano zilipita. Haukuja.

Nikatoa kwenye mkoba mashine nyingine, niliyoipima mchana ule ule. Nikamfunga mkanda, nikapampu, nikaachia hewa polepole. Mia moja sabini na mbili kwa mia na mbili. Nikaiandika mwenyewe kwenye daftari lake, ukurasa mpya. Rula sikuiona, kwa hiyo mstari ulikwenda upande.

Kesho yake asubuhi niliimalizia ile kadi. Kwenye *Aliyehusika* niliandika: fundi. Nakala nikaondoka nayo kuipeleka kwa daktari, na nikiwa njiani nikageuka kwanza, nikarudi karakana, nikaibandua ukutani ile karatasi niliyowaandikia wauguzi.