Kilichokataa Kuinuka

Ndani ya utumbo wa mwalimu wa kuogelea kulikuwa na mwanga wa waridi, na daktari aliifuata kamera polepole, kama mtu anayenyata chumbani alikolala mtoto. Skrini ilijaa mikunjo laini iliyometameta. Penye kona kikatokea alichokuwa akikitafuta: uvimbe mpana, wenye kishimo katikati.

Mwalimu mwenyewe alilala ubavu, dawa imemlegeza, macho nusu wazi. Kabla ya sindano alikuwa ameshatoa amri yake.

"Kitoe leo leo, mwanangu. Kisu sikitaki. Nikivalishwa mfuko wa choo tumboni, watoto si watadhani nimekuja na boya langu?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza, lakini macho ya mzee hayakuwa na mzaha. Bwawa ndilo lililokuwa maisha yake. Daktari akamhurumia, na ulimi hauna mfupa. "Nitakitoa, Mwalimu," akasema, hata kabla hajakiona.

Sasa amekiona. Kazi hii ina mtihani wake: unachoma maji ya buluu chini ya uvimbe, kisha unangoja. Ukiinuka wote, umekaa juu juu. Kitanzi cha waya kitaukata, na mgonjwa atakunywa chai ya jioni kwake. Ukigoma, huenda umeshateremsha mizizi, na kitanzi kitafyeka majani tu, shina libaki.

Akachoma. Buluu ikatanda chini ya ngozi ile laini, kingo zikaanza kupanda taratibu, na kwa kitambo daktari akasahau chumba, mashine na miguu yake iliyochoka. Kila kitu kilikuwa kinaelea. Furaha ikamjaa kifuani.

Katikati hakukuinuka.

"Labda ni kovu," muuguzi akanong'ona. "Si walichukua kipande cha kupima pale mara ya kwanza?"

"Labda."

Neno tamu hilo. Hospitali nzima ilimwita Mkono Mwepesi, naye jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kusema. Kitanzi kilikuwa tayari. Akasogeza kamera karibu zaidi. Kuzunguka kishimo, vijistari vyote vya juu ya uvimbe vilikuwa vimevurugika na kufutika, na kovu halifuti namna ile. Hapo akaona aibu: alichokuwa akikipigania ni ahadi yake na sifa yake, si mzee.

"Ongeza maji."

Kingo zikapanda zaidi. Katikati kukazidi kuzama.

"Rudisha kitanzi," akasema. "Nipe wino." Akachoma alama nyeusi kando ya uvimbe ili mpasuaji asipotee njia, kisha akaitoa kamera taratibu, mwanga wa waridi ukafifia hadi skrini ikawa tupu.

Mzee alipozinduka, alimkuta daktari amesimama kando ya kitanda.

"Kimetoka?"

"Hapana, Mwalimu. Nilikuahidi kabla sijaona, nikakosea. Kimeshuka chini, mkono wangu haufiki. Ningekikata leo, ningekuachia ugonjwa na kukudanganya kwamba umepona. Mpasuaji atakitoa chote."

"Na mfuko?"

Alitamani kusema hapana. "Sijui. Huenda."

Mzee akafumba macho, chozi likateleza hadi sikioni. Daktari akadhani anataka kuachwa peke yake, akageuka.

"Usiende kwanza."

Mgonjwa mwingine alikuwa akingoja mlangoni. Daktari akavuta kiti, akakaa.