Uji Mwepesi

Kijiko cha tatu tu, Mhoja akapaliwa. Macho yalimtoka, uji ukatokea puani. Mwanamume aliyekuwa akipakua magunia kwenye malori ya Lusahunga sasa alishindwa na uji! Limi, mkewe, akampigapiga mgongoni.

"Mzito huo, ndiyo maana haupiti," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Ongeza maji uteleze."

"Nimeongeza mara mbili, mayu."

"Ongeza tena. Unataka mwanangu afe njaa?"

Nani angembishia? Tangu lini mgonjwa akapewa kizito? Uvimbe ulikuwa kwenye ubongo, hospitali kubwa ilisema hivyo, na Limi aliuliza koo linahusikaje. Nesi akampa karatasi: maelezo yote yamo humu. Yalikuwamo, kwa Kiingereza.

Mhoja alikufa Jumatano, kifua kikikoroma.

Matanga yalipoisha, Limi na mama mkwe walikwenda kituo cha afya kufuata karatasi ya kifo. Bila hiyo kijiji kisingeandika shamba kwa majina ya watoto. Limi aliingia peke yake. Mganga, Juvenali, akasoma ile karatasi ya hospitali, akatikisa kichwa.

"Mama, mbona imeandikwa? Uvimbe uliharibu kumeza. Asipewe maji wala uji mwepesi, vinaingia kwenye mapafu. Apewe kizito, kidogo kidogo, ameketi wima. Hukusoma?"

Maji! Wiki tano Limi ameyaongeza kwa mkono wake mwenyewe, na mgonjwa amelala chali.

"Mimi ni wa darasa la saba, daktari. Hiki ni Kiingereza."

"Ungeileta usomewe."

"Niliileta!" Watu wa foleni wakageuka. "Mara mbili! Hapo dirishani kwenu waliangalia muhuri tu, wakaniambia nimpe uji."

Juvenali alitazama dirishani, kisha saa yake. Akasogeza fomu.

"Saini hapa, nikuandikie ya kifo."

"Inasemaje?"

"Kwamba familia ilielekezwa na ikaelewa. Utaratibu tu, mama."

"Hatukuelekezwa."

"Basi siandiki. Anayefuata!"

Limi aliichukua kalamu.

"Limi!" mama mkwe aliita kutoka kwenye benchi la nje. "Wamekwambia nini kimemuua mwanangu?"

Limi akaandika jina lake, herufi moja moja, chini ya maneno ya Kiingereza asiyoweza kuyasoma.