Majani ya Tata Mulumba

Katika avenue nzima, mtaa mmoja wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, ni nyumba moja tu iliyokuwa na majani ambayo mtu angeweza kuyakanyaga kwa miguu mitupu. Ilikuwa nyumba ya Baba Mulumba, Tata Mulumba kama walivyomwita. Wengine mbele ya mlango walikuwa na vumbi jekundu, au mihogo, au gari bovu lililopandishwa juu ya matofali. Mulumba alifanya kazi kwenye pampu za maji za mgodi kwa miaka ishirini na sita, na majani yale aliyapanda mwenyewe, shina kwa shina, akipima nafasi kwa kiganja. Kila Jumamosi alisukuma mashine yake ya kukatia, ile ya mkono isiyo na injini, na mkewe Mama Ndaya alikaa barazani akichambua mchele na kumcheka.

Laurentine aliishi mkabala nao. Alikuwa mshonaji, mzaliwa wa Sandoa, mji wa mkoa ule ule, mke wa Omer Nkulu aliyekuwa fundi wa karakana. Watoto wake watatu wote walitambaa kwa mara ya kwanza juu ya majani ya Mulumba, kwa sababu kwao kulikuwa na changarawe. Alipojifungua yule wa mwisho, Mama Ndaya ndiye aliyemfulia nguo kwa wiki mbili. Hata hivyo, moyoni mwa Laurentine kulikuwa na kijicho kidogo. Omer alipenda kusimama mlangoni jioni na kusema, "Ona kwa Mulumba. Halafu ona kwetu." Alisema kwa utani, lakini mkewe hakucheka.

Mwaka 1993 mambo yaliharibika. Mgodi ulikuwa umeporomoka, mishahara haikuja, dawa hazikuwepo. Mikutanoni na sokoni watu walisema kwamba Wakasai, wale ambao wazee wao walitoka mkoa wa jirani wa Kasai kuja kufanya kazi mgodini, ndio waliokula kila kitu, warudi kwao. Wakaanza kuitwa wadudu. Mulumba alikuwa Mkasai, lakini alizaliwa Kolwezi hiyo hiyo. Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake tu.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, saa sita mchana, wanaume watatu walisimama mbele ya baraza la Laurentine. Yeye alikuwa kwenye cherehani. Mmoja wao, mwenye shati jeupe, alishika daftari.

"Jambo, mama."

"Jambo."

"Ku hii avenue, Bakasai beko banaishi wapi?"

"Mi sijue. Mi niko nashona tu."

Yule mtu hakukasirika. Alimwuliza yeye anatoka wapi.

"Sandoa."

"Aa! Basi weye ni mutu ya kwetu." Akatabasamu, akaweka daftari juu ya meza ya cherehani. Ukurasa ulikuwa mtupu. Laurentine aliuona vizuri kwamba ulikuwa mtupu.

Hakuna aliyemtisha. Baadaye angerudia siku ile kichwani mara nyingi, akitafuta panga, au fimbo, au hata sauti kali, asikute chochote. Alichokuta ni kwamba aliona haya kumnyima jibu mtu aliyemwita wa kwetu, na kwamba alitaka waondoke amalizie kola ya gauni. Akasema, bila kuinua macho:

"Muangalie pale kwenye majani ya muzuri."

"Merci, mama," alisema mwenye shati jeupe, akaandika.

Siku mbili baadaye, asubuhi, watu kama thelathini walifika na mawe. Walimpa Mulumba muda wa kutoa godoro, sufuria na watoto. Avenue nzima ilisimama milangoni. Mama Stéphanie, muuza mboga wa nyumba ya tatu, alilia kwa sauti na kuwatukana wale watu mpaka mumewe akamvuta ndani. Laurentine hakulia wala hakutukana. Alivuka barabara, akabeba mtoto mdogo wa Ndaya hadi kwenye mkokoteni. Ndaya akamshika bega. "Mungu akubariki, dada yangu. Mi nilijua weye utakuja."

Mulumba alikuwa na damu kwenye sikio. Alimkabidhi Laurentine mpira wa maji, umekunjwa vizuri, akaanza kumweleza mambo ya majani, kwa haraka, kama mtu anayekwenda likizo.

"Kiangazi iko inakuya. Usimwange mayi kidogo kidogo kila siku. Mizizi itabakia juu na jua itaichoma. Mara mbili kwa juma, asubui mapema, mayi mingi, mpaka udongo iloe urefu wa kidole. Na usikate fupi. Acha irefuke, ijifunike yenyewe. Mi nitarudi mbele ya mvua kuanza."

"Ndiyo, tata," alisema Laurentine.

Walipelekwa kwenye stesheni ya gari la moshi pamoja na maelfu ya wengine, wangoje treni ya Kasai. Treni haikuja wiki ile, wala mwezi ule.

Laurentine akayatunza majani. Mvua zilipokatika mwezi wa tano alianza kumwagilia, Jumatatu na Alhamisi. Pampu za mji zilikuwa zinakufa moja moja, na maji yalitoka bombani saa kumi na moja asubuhi tu, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, kisha yakakatika. Mwezi wa sita kunapokuwa na baridi, vidole vyake viliganda kwenye mpira. Alichomeka kijiti udongoni kupima unyevu. Alinoa meno ya mashine kwa tupa ya Omer, akaipandisha ikate juu, na majani yaliyokatwa akayaacha palepale yaoze yalishe udongo, kama alivyomwona Mulumba akifanya. Palipotokea kipara karibu na lango, alihamisha mashina kutoka pembeni. Kiangazi kile milima yote ilikuwa imeungua, miembe imejaa vumbi, na mbele ya nyumba iliyofungwa kufuli kulikuwa na kijani kibichi. Wapita njia walisimama kuangalia. Wengine walinong'ona kwamba mke wa Nkulu ana kichaa, anayanywesha maji majani ya Wakasai.

Stesheni haikuwa mbali, dakika arobaini kwa miguu. Laurentine hakwenda. Alijiambia kwamba watu watamwona, kwamba cherehani haiwezi kuachwa, kwamba kazi aliyopewa ni ya majani na anaifanya. Siku za Jumapili, padri alipoomba chakula cha watu wa stesheni, alitoa unga, akampa mwingine aupeleke.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, mwenye shati jeupe alirudi. Safari hii alimkuta Omer nyumbani.

"Ile nyumba iko hapa bure," alisema. "Tunabapatia batu ya kwetu. Na weye mama, ulitusaidia, hatusahau. Mukiitaka, ni yenu."

Omer alifurahi. Nyumba ya Mulumba ilikuwa na chumba kimoja zaidi. Mgeni alipoondoka, alimgeukia mkewe akicheka, kisha akaacha kucheka.

"Ulibasaidia nini?"

Laurentine alimwambia. Maneno yalikuwa machache. Yalikwisha mara moja. Omer aliketi juu ya kizingiti.

"Bangejua tu," alisema. "Bangekuwa na liste ya majina."

"Hapana. Karatasi ilikuwa mweupe. Mi niliona."

Omer alivua kofia, akaitazama ndani. Kesho yake alikwenda kusema kwamba nyumba hawaitaki. Aliporudi alimwambia Laurentine jambo moja tu: "Usimwambie mutu." Tangu siku ile hakusimama tena mlangoni jioni.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, maji yakitoka kwa nguvu, Laurentine ameshika mpira katikati ya majani, alipomwona Mama Stéphanie anarudi na sufuria kichwani. Stéphanie alikuwa amelala stesheni kwa dada mmoja wa kanisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliishusha sufuria, akafunua kifuniko. Ugali wa bukari na samaki, havijaguswa.

"Ndaya amekataa chakula yangu," alisema. "Mbele ya batu yote. Anasema mi njo nilibauzisha kwa bale batu ya mawe, juu siku ile nilipiga kelele sana, kelele ya kujificha. Mi! Mi niliyemulilia!" Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Na Mulumba anaharisha. Kule mayi hakuna. Banakunywa ya mufereji."

Mpira ulikuwa unamwaga. Maji yalikuwa yamefika kwenye njia na kuanza kutiririka barabarani, na Stéphanie akayaangalia. Hakuwa na nia ya kumlaumu mtu. Alibeba sufuria yake akaenda.

Laurentine alifunga bomba. Alisimama hapo mpaka miguu ikawa baridi. Alijua siku zote kwamba stesheni hakuna maji. Padri alisema, redio ilisema, kila mtu alisema. Miezi miwili na zaidi alikuwa akilowesha udongo urefu wa kidole, wakati watu aliowaonyesha kwa mdomo wake wanakunywa mtaro.

Akafungua bomba tena, akajaza bidoni mbili, madumu ya lita ishirini, akazifunga kwenye baiskeli ya Omer, akaisukuma hadi stesheni mchana kweupe.

Watu walikuwa wamejenga vibanda vya magunia pande zote mbili za reli. Harufu ilimfikia kabla hajaviona. Ndaya alikuwa amekonda hivi kwamba Laurentine alimpita kwanza, akaitwa kwa jina lake. Mulumba alilala ndani, shuka hadi kidevuni. Alipomtambua mgeni aliinua kichwa.

"Majani?"

"Tata, kuanzia leo siimwangie tena. Mayi nitaleta hapa. Itakufa. Unisamehe."

Mulumba alifumba macho, akawaza jambo hilo kwa makini. "Haikufe," alisema. "Itakuwa manjano, batu batasema imekufa. Iko inalala. Mwangia mara moja kwa mwezi tu, mizizi isikauke, na mutu asiikanyage. Mvua itaiamsha." Kusema yote hayo kulimchosha, akageukia ukuta wa gunia.

Nje, Ndaya alikuwa ameanza kumimina maji kwenye sufuria, taratibu, asipoteze tone. Laurentine alichuchumaa kando yake.

"Mama Ndaya. Stéphanie hakubauzisha. Ni mi. Baliniuliza, nikasema, pale kwenye majani ya muzuri."

Maji yaliendelea kumiminika. Ndaya hakuinua uso hadi sufuria ilipojaa. Akaifunika.

"Balikupiga?"

"Hapana."

"Balikuonyesha panga?"

"Hapana, mama."

"Basi juu ya nini?"

Laurentine alitafuta jibu. Alifikiria kola ya gauni, na neno la kwetu, na Omer mlangoni jioni. "Sijue," alisema. Alianza kulia, na Ndaya akamwambia kwa sauti ya chini asilie pale, watoto wameanza kuangalia.

Kisha Ndaya akamrudishia bidoni iliyokwisha. "Kesho leta tena mbili," alisema. "Na leo, mbele ya kuingia kwako, upite kwa Stéphanie. Umwambie kwa kinywa yako."

Alipita. Stéphanie alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mafungu ya mchicha mkononi, akafunga mlango polepole. Kufikia Jumapili avenue yote ilijua. Wengine walimpa Laurentine mkono wakisema alifanya vyema kuwaonyesha Wakasai, na hao ndio aliowaogopa zaidi. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao. Omer alikaa siku nne hasemi naye, siku ya tano akatia upepo kwenye magurudumu ya baiskeli na kumfungia bidoni yeye mwenyewe.

Kila asubuhi alikwenda. Ndaya alipokea maji, akasema asante kama mtu anavyomshukuru karani, basi. Mwezi wa nane ile nyumba alipewa mtu mwingine, mwenye lori, naye aliliegesha lori lake juu ya majani kwa sababu mbele ya nyumba ndipo palikuwa na nafasi. Laurentine alikwenda kumwomba aliweke kando. Mtu yule alimwuliza ana kazi gani na ua wake.

Treni ilikuja katikati ya mwezi wa tisa, mabehewa ya mizigo, watu wakapandishwa juu ya vifurushi. Laurentine alifika na maji ya mwisho. Mulumba alibebwa na wanaume wawili. Alikuwa mwepesi sana. Alipopita karibu naye alimwuliza tena habari za majani.

"Imelala, tata," alisema Laurentine.

"Vizuri."

Stéphanie naye alikuwa amekuja. Ndaya alishuka kutoka behewani, ingawa watu walimpigia kelele apande, akamshika Stéphanie mikono yote miwili, akapiga magoti kwenye kokoto za reli. Alimwomba radhi kwa ajili ya chakula kile na maneno yale aliyoyasema mbele ya watu. Stéphanie alimwinua. Walikumbatiana, wakalia kwa muda mrefu. Laurentine alikuwa hatua tatu kutoka kwao, na bidoni miguuni pake, akimtazama Ndaya akiomba msamaha wa kosa ambalo mwenyewe hakulianza.

Yeye hakuomba. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, lakini aliona kwamba yangekuwa kumdai kitu kingine mama ambaye hakubaki na kitu. Aliinua bidoni zile zilizojaa, moja moja, akampa Ndaya zote mbili, naye akazipokea na kuziweka karibu na kichwa cha mumewe.

Pale avenue hawakupata tena habari za hakika za akina Mulumba. Mtu mmoja alisema Mulumba alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, akiwa hai. Mwingine alisema hapana.

Treni ilipoondoka, Laurentine na Stéphanie walirudi kwa barabara ile ile. Stéphanie alitangulia. Hakugeuka nyuma wala hakupunguza mwendo, na Laurentine, akisukuma baiskeli tupu, hakujaribu kumfikia.