Saa ya Jiwe la Tabaka

Mogire aliinama chini ya nguzo ya kengele akijifanya anapangusa tope kwenye miguu, kumbe anapima kivuli. Kivuli cha nguzo kilipogusa kijiwe alichokitia alama, aliinuka, akavuta kidogo mkono wa koti, akakitazama kifundo cha mkono kwa madaha kama mkubwa yeyote, kisha akagonga kipande cha reli kilichotundikwa kama kengele. Wapasua kokoto wa barabara ya Masimba wakashika nyundo zao. Ilikuwa saa moja kamili, na hakuna aliyebisha.

Mwezi mzima ilikuwa hivyo. Bwana wa barabara alikuwa ametangaza kwamba unyapara atapewa mtu mwenye saa, basi. Hakuuliza nani anaijua kazi. Saa zilikuwako dukani kwa Osman, ndani ya kioo, kwa bei ya watu wengine. Na Mogire hakutaka ukubwa. Alitaka chumba cha nyapara, chenye mlango na kufuli, kwa sababu vibarua walilala kumi na wanne katika kibanda kimoja na wake zao hawakuruhusiwa. Mkewe, Orpah, alikuwa amerudi kwa mamake kule Nyamache. Miaka miwili Mogire alikula peke yake katikati ya watu, na upweke wa namna hiyo humtafuna mtu vibaya.

Lakini alikuwa mtoto wa Tabaka, kijiji cha mawe laini, wa nyumba ya wachongaji. Alichagua jiwe lenye mshipa wa manjano ili lifanane na saa ya dhahabu ya bwana, akalichonga likiwa limelowa, akalisugua kwa majani makavu, akalipaka samli likang'aa. Namba alizichora kwa msumari na kuzijaza masizi. Mkanda ulikuwa ngozi ya mbuzi. Ukisimama hatua tano ungeapa ni dhahabu. Saa ya bwana alikuwa ameiona kwa mbali tu, adhuhuri, mishale yote miwili ikielekea juu. Adhuhuri ni saa sita, hata mtoto anajua. Kwa hiyo juu kabisa Mogire aliandika sita, na kumi na mbili akaiweka chini.

Koti la nyapara alikwisha kupewa kwa majaribio ya mwezi; leo bwana angeleta ufunguo wa chumba. Mogire alikwisha kumtumia Orpah habari: njoo na chungu na mkeka, chuma kikilia saa kumi utaniona pale chini ya nguzo, ndani ya koti la nyapara.

Bwana alifika na karani wake, Opondo, mtu wa kando ya ziwa. Ufunguo ulining'inia kidoleni. Kabla ya kuutoa aliitikisa saa yake, akaiweka sikioni, akakunja uso. Jana alisahau kuizungusha kitufe cha ubavuni, imelala. Akamuuliza Mogire saa ngapi. Mogire alikitupia kivuli jicho, akasema saa tano na robo. Bwana akamshika mkono ili aone mwenyewe.

"Hii nini?"

"Saa, bwana."

"Hii mawe. Na kwa nini sita iko juu?"

"Saa sita mishale inaangalia juu, bwana," Mogire alisema polepole. "Mimi nimeandika vile iko."

Opondo alitazama chini. Kisha alijikaza akamwambia bwana kwamba mwezi mzima kengele haijachelewa hata siku moja. Bwana alijibu kwamba mwongo ni mwongo. Akaamuru koti livuliwe, Opondo alivae mpaka apatikane mtu mwenye saa. Mwenyewe akaufungua ule mkanda, akaligeuza jiwe kiganjani, likampendeza, akasema atamwonyesha mkewe, memsahib, akalitia mfukoni mwa shati. Ufunguo ukafuata mfuko huo huo. Halafu akakizungusha kitufe cha saa yake ya dhahabu, ikaanza kwenda.

"Wewe nasema saa ngapi?"

"Sasa imefika tano na nusu, bwana."

Bwana akazungusha mishale mpaka tano na nusu, akaridhika.

Mchana wote Mogire alipasua kokoto. Alimwomba Opondo ruhusa ya kukimbia njia ya Nyamache akamrudishe mkewe kabla hajafika kuaibika. Opondo alitazama gari la bwana lililokuwa bado limesimama pale.

"Ndugu yangu, akikuona umeacha nyundo leo, hata kibanda utakosa. Pole sana."

Mogire alirudi kwenye rundo lake. Moyo ulimuuma kuliko mikono.

Kivuli kilipofika mahali pake, bwana alitazama saa ya dhahabu, akaitikia kwa kichwa, na Opondo akagonga chuma. Ilikuwa saa kumi kweli. Orpah alitokea kwenye kona, chungu kichwani, mkeka kwapani. Aliliona koti chini ya nguzo, akapunga mkono, akacheka peke yake, akaongeza mwendo. Alipita hatua nne tu kutoka rundo la Mogire, wala hakuwatazama wanaume waliojaa vumbi jeupe, maana mumewe hakuwa tena mmoja wao.